Picha Iliyopunguzwa Imepoteza Nini?

Mhadhara uliotolewa Rwamgasa, mkoani Geita, mbele ya viongozi wa kata, walimu, wachimbaji wadogo, wenye steshenari na wanafunzi wa sekondari

  

Nimekuja kuzungumzia jambo linalofanyika mikononi mwetu kila siku bila kujadiliwa, nalo ni kubadili ukubwa wa picha ya kidijitali. Tunaipunguza ili ipite WhatsApp. Tunaikuza ili iwe bango. Tunaibana ili ikubaliwe na fomu ya mtandaoni, tena tunaikata ili ikae vizuri kwenye fulana. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: anayebadili ukubwa wa picha anaamua kipi kibaki na kipi kipotee. Mahali kama Rwamgasa, ambapo picha ni ushahidi wa mpaka, wa jiwe, wa majibu ya maabara na wa sura ya mtu, uamuzi huo hauwezi kuachiwa mashine.

Nina hoja tano. Ya tatu itachukua muda zaidi, maana ndiyo inayogusa leseni zenu.

Hoja ya kwanza: picha ya kidijitali ni hesabu ya nukta

Mwaka 1957, katika ofisi ya taifa ya viwango ya Marekani, mtaalamu aitwaye Russell Kirsch alichukua picha ya mwanawe mchanga, Walden, akaipitisha kwenye chombo alichokitengeneza na wenzake ili kompyuta iweze kuisoma. Karatasi yenyewe ilikuwa ya sentimita 5 kwa 5. Kompyuta iliigawa katika nukta 176 kwa 176, jumla nukta 30,976, kila moja ikiwa nyeusi au nyeupe. Hiyo inahesabiwa kuwa miongoni mwa picha za kwanza kabisa za kidijitali duniani, na kanuni yake haijabadilika mpaka leo. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 inafanya kazi ile ile, ila kwa nukta 4,000 kwa 3,000, na kila nukta, yaani pikseli, inabeba namba tatu: ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu.

Tupige hesabu. Pikseli milioni 12 mara namba tatu, kila namba ikiwa baiti moja, ni baiti milioni 36. Lakini ukifungua simu yako utakuta faili la picha lina megabaiti 3, 4 au 5 tu. Zilizobaki zimekwenda wapi? Zimeondolewa na mfumo wa JPEG, ambao kanuni zake zilikubaliwa kimataifa mwaka 1992. Mfumo huo huigawa picha katika visanduku vya pikseli 8 kwa 8, kisha ndani ya kila kisanduku hutupa yale ambayo jicho halichelewi kuyasamehe, hasa tofauti ndogo za rangi. Kwa uso wa mtu, mti au anga, unafanya kazi nzuri sana. Kwa maandishi na mistari myembamba haufai, kwa sababu pembeni ya kila herufi huacha ukungu. Cheti, risiti au ramani ihifadhi kwa PNG au kwa PDF.

Wanafunzi, andikeni hili: idadi ya pikseli ni kitu kimoja, na uzito wa faili ni kitu kingine. Fomu ya maombi ya kazi au ya mkopo ikisema picha isizidi kilobaiti kadhaa, inazungumzia uzito. Nimeona vijana wakiipunguza picha mpaka uso unakuwa kidoa, wakati ingetosha kubaki na vipimo vya kutosha na kushusha kidogo ubora wa JPEG. Fomu ikitaja pikseli, hapo ndipo inapozungumzia vipimo. Soma fomu kwanza, ndipo uiguse picha.

Hoja ya pili: matumizi ndiyo yanayoamua vipimo

Hakuna ukubwa mmoja ulio sahihi kwa kila kazi. Wachapaji hutumia nukta 300 kwa kila inchi ya karatasi, na sababu ya namba hiyo iko kwenye jicho la binadamu. Jicho zima huweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya sehemu moja ya sitini ya digrii. Karatasi ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, pembe hiyo ni takriban milimita 0.09, na katika inchi moja zinaingia nukta karibu 290. Ukizidisha hapo unatumia wino na muda kwa kitu ambacho msomaji hatakiona.

Kwa hiyo ukurasa mzima wa A4 unahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. Picha ndogo ya milimita 35 kwa 45, ile ya pasipoti saizi inayotumika katika nchi nyingi, inahitaji pikseli 413 kwa 531 tu. Simu ya megapikseli 12 inatosheleza A4 nzima na kubakiza. Mtu akikwambia picha ya simu haichapiki, mwonyeshe hesabu hii.

Bango nalo lina hesabu yake. Chukua bango la turubai lenye upana wa mita 3, yaani inchi 118. Picha ya pikseli 4,000 ikitandazwa juu yake inatoa nukta 34 kwa inchi. Mchapaji asiyejua atakataa. Lakini nani atalisoma bango akiwa na pua juu ya turubai? Likitundikwa juu ya barabara, msomaji yuko mita 5 au zaidi, na kwa umbali huo jicho haliwezi kutenganisha zaidi ya nukta 17 hivi kwa inchi. Picha inatosha mara mbili. Sasa ipitishe picha hiyo WhatsApp kwa njia ya kawaida, ambayo mara nyingi huacha upande mrefu ukiwa na pikseli 1,600 hivi. Umebaki na nukta 13 au 14 kwa inchi, na msomaji wa mita 5 ataanza kuona ukungu. Ndiyo maana ninyi wa steshenari mnapaswa kumwambia mteja alete picha kwa waya au kwa kadi ya simu, au aitume WhatsApp kama hati, maana ikitumwa kama hati faili linafika kama lilivyo. Tangu mwaka 2023 WhatsApp ina pia chaguo la ubora wa juu. Hilo linasaidia, ila nalo hupunguza.

Kwenye mitandao mambo ni mepesi. Instagram huonyesha picha kwa upana wa pikseli 1,080. Picha ya kusimama iwe 1,080 kwa 1,350, na ya kujaza kioo kizima, kama status, iwe 1,080 kwa 1,920. Kupandisha picha ya pikseli 4,000 ni kuchoma bando lako, kisha mtandao wenyewe unaipunguza kwa namna usiyoichagua. Bora uipunguze mwenyewe: kata kwanza, punguza baadaye, noa kidogo mwishoni, hifadhi mara moja. Kila ukihifadhi JPEG upya baada ya kuibadili, unatupa kitu kingine.

Lipo kosa moja linalofanywa hata na watu wa kazi hii. Programu za picha zina kisanduku kilichoandikwa nukta kwa inchi, na mara nyingi kina namba 72. Namba hiyo ni urithi wa kompyuta za Macintosh za mwaka 1984, ambazo vioo vyake vilikuwa na nukta 72 kwa inchi. Fundi anafuta 72, anaandika 300, anamwambia mteja kwamba picha imekuwa ya kuchapisha. Kama pikseli hazikubadilika, hakuna kilichobadilika isipokuwa lebo.

Naomba niseme neno juu ya misiba. Vijana wengi hapa wametoka mikoa ya mbali na hawana picha zao za studio. Kijana akifukiwa na duara, yaani shimo la uchimbaji, ndugu na marafiki hutafuta sura yake katika picha ya kundi iliyozunguka kwenye simu. Picha yenye upana wa pikseli 1,600 na watu ishirini waliosimama bega kwa bega inampa kila mmoja pikseli 80. Ukiichapa sura hiyo kwa ukubwa wa A4 familia inapokea ukungu, na mama yake atautazama ukungu huo ukutani miaka yote. Ichapwe ndogo, sentimita 2 au 3, katikati ya karatasi yenye jina na tarehe zake, naye ataonekana. Mwenye steshenari anayemweleza mfiwa jambo hili kwa upole, badala ya kuchukua fedha ya karatasi kubwa, anamsitiri marehemu.

Hoja ya tatu: kipimo kilichoandikwa kwa maneno hufa picha inapobadilishwa ukubwa

Sheria yetu inaruhusu leseni ndogo ya uchimbaji wa madini kama dhahabu isiyozidi hekta 10. Eneo hilo likiwa mraba kamili, kila upande una mita 316. Kwenye ramani ya uwiano wa 1:5,000, upande huo ni sentimita 6.3.

Sasa tuseme ramani hiyo imechorwa kwenye karatasi ya A3, na chini imeandikwa "Uwiano 1:5,000". Mwenye leseni anakwenda kutoa kopi. Mashine inatumia A4. Fundi anabonyeza kitufe kinachoonyesha asilimia 71, ambacho wote mnakifahamu. Kopi inatoka safi kabisa, mistari yote ipo, mhuri upo, na maneno "Uwiano 1:5,000" yapo vilevile. Lakini upande uliokuwa sentimita 6.3 sasa ni sentimita 4.5. Anayepima kwa rula akiamini maneno yale atapata mita 224. Azidishe mita 224 kwa 224: ni hekta 5. Kwenye karatasi, nusu ya leseni imetoweka, na hakuna aliyeiba.

Tatizo kubwa si hilo, ndugu zangu. Kosa la nusu nzima litagunduliwa na mtu. La kutisha ni dogo. Kompyuta nyingi zina chaguo la kuitosheleza picha ndani ya karatasi ili pembeni pasikatwe. Likiachwa limewashwa, ramani inaweza kutoka ikiwa asilimia 97 ya ukubwa wake. Nani ataona asilimia 3 kwa macho? Lakini asilimia 3 ya mita 316 ni zaidi ya mita 9 kila upande, na eneo linashuka kutoka hekta 10 mpaka hekta 9.4. Zimepotea karibu mita za mraba 5,900. Ninyi mnajua mita 9 ina maana gani panapokuwa na mshipa. Maduara mangapi yanaingia katika mita 9?

Kisheria mpaka wa leseni ni kodineti za pembe zake, karatasi ni mfano tu. Kweli. Lakini ugomvi hauanzii kwa wakili. Unaanzia duarani, watu wawili wakiwa na kopi mbili za ramani moja, moja ya asilimia 100 na nyingine ya asilimia 97, kila mmoja ameshika rula na kila mmoja anaapa kwa haki. Wote ni wakweli. Iliyowagombanisha ni mashine iliyopunguza picha bila kumwambia mtu.

Dawa yake ni ya zamani kuliko kompyuta. Wachoraji ramani huweka chini ya ramani mstari wa kipimo, ule uliogawanywa mita 0, 100, 200, 300. Mstari huo ni sehemu ya picha. Ramani ikipungua nao unapungua, ikikua nao unakua, kwa hiyo siku zote unasema kweli. Namba ya uwiano haipungui pamoja na picha, kwa hiyo baada ya kopi ya kwanza haiaminiki tena. Walimu wa jiografia, mnalifundisha hili darasani. Naomba mlifundishe kwa kopi mbili za ramani ya kata hii, wanafunzi wapime wenyewe.

Na picha za mawe ziko hivyo hivyo. Simu za Rwamgasa zimejaa picha za mawe: jiwe lenye madoa ya njano, mshipa wa kwatzi ukutani mwa duara. Zinatumwa Geita mjini, Mwanza, Kahama, kwa mnunuzi au kwa mtaalamu wa miamba. Picha inafika, na anayeipokea hawezi kujua kama mshipa ule una upana wa kidole au wa mkono, kwa sababu kila simu inaionyesha kwa ukubwa wake. Mtu anaandika "nimeikuza mara kumi". Mara kumi kwenye kioo cha nani? Wataalamu wa miamba hawapigi picha bila kuweka kitu cha kipimo kando: nyundo, kalamu, au rula ya sentimita. Weka rula ndani ya picha, karibu na jiwe, kwenye kina kile kile. Ukifanya hivyo, hata picha ipunguzwe mara ngapi, rula inakwenda nayo.

Mfano wa mwisho wa hoja hii ni karatasi ya maabara. Umepeleka sampuli, majibu yamekuja: gramu 3.4 kwa tani. Unaipiga picha karatasi, unaituma kwa mshirika wako. Kwenye maandishi ya kawaida, nukta ya desimali ina upana wa takriban milimita 0.4. Karatasi ya A4 ikipunguzwa mpaka pikseli 600 kwa upana, kila pikseli inabeba milimita 0.35. Nukta yako imebakiwa na pikseli moja, na ukungu wa JPEG unaweza kuimeza hiyo moja. Mshirika anasoma 34. Kati ya gramu 3.4 na gramu 34 kwa tani kuna tofauti ya mtu kuuza ng'ombe wake wote akachimba. Alama ndogo kuliko zote katika karatasi ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kupotea. Majibu ya maabara yapigwe picha kwa karibu, yatumwe kama hati, na namba ziandikwe tena kwa maneno chini yake: tatu nukta nne.

Hoja ya nne: kukuza hakurudishi kilichopotea

Jiwe likishapita kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, halirudi kuwa jiwe, hata ukilikusanya vumbi lake lote. Pikseli nazo ni hivyo. Ukipunguza picha ya pikseli 4,000 mpaka 400, kisha ukaikuza tena mpaka 4,000, kompyuta inakisia. Njia za kukisia ni nyingi. Ipo ya kurudia pikseli ya jirani, ipo ya kuchukua wastani wa majirani, na ipo iliyopewa jina la mwanahisabati Cornelius Lanczos, ambayo ni bora zaidi kwa macho. Zote zinafanana katika jambo moja: haziongezi habari.

Mfano ulio juu ya vichwa vyetu ni setilaiti. Landsat za Marekani tangu mwaka 1982 zinapiga picha ambazo pikseli moja ni mita 30 kwa 30 ardhini. Leseni ya hekta 10 humo ni pikseli 111 tu. Sentinel-2 ya Ulaya, iliyorushwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, ina pikseli ya mita 10 katika rangi zake kuu, na leseni hiyo hiyo inapata pikseli 1,000. Humo utaona uwanja uliofyekwa na marudio, yaani mabaki ya mchanga uliooshwa, yaliyotandazwa. Mdomo wa duara wenye upana wa mita moja na nusu hutauona, hata ukuze picha mpaka ijae ukuta, kwa sababu haukuwahi kuingia katika picha ukiwa na pikseli yake wenyewe. Atakayekuuzia picha ya namna hiyo akidai inaonyesha maduara moja moja, usimlipe.

Kupunguza nako kunaweza kuzua kisichokuwepo. Tazama paa la bati la migongo lililopigwa picha kwa mbali: ukipunguza picha, juu ya bati yanatokea mawimbi mapana yasiyokuwepo kwenye paa. Kila mgongo na bonde lake vinahitaji angalau pikseli mbili. Paa lenye migongo 80 linataka pikseli 160, na ukilipa 100 picha inasema uongo. Programu nzuri hulainisha kwanza kabla ya kupunguza. Zile mbaya hurukaruka pikseli tu.

Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta, aliskani ramani ya nyumba kwa mashine ya Xerox. Vyumba vitatu vilikuwa na mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42. Kwenye nakala vyote vitatu vilisomeka 14.13. Mashine ilikuwa inabana picha kwa kutafuta vipande vinavyofanana na kutumia kimoja mahali pa vingine, na ilipoamua kwamba namba hizi zinafanana, ilizibadilisha. Namba zilitoka safi, bila ukungu wowote wa kumshtua msomaji. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu. Nataka mlikumbuke tukio hili kwa sababu sasa simu zetu zina akili unde inayonoa picha hafifu. Inanoa kwa kuchora inachodhani kilikuwepo. Kwa picha ya harusi, sawa. Kwa namba iliyo kwenye mizani ya dhahabu, kwa mhuri, kwa sura ya mtu anayetuhumiwa, isiguse kabisa.

Hoja ya tano: kukata picha ni kumgusa mtu

Rwamgasa imepigwa picha na kupimwa sana na wageni. Miaka ya mwanzo ya 2000 mji huu ulikuwa kati ya maeneo ya mradi wa dunia wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda. Wataalamu walipima udongo, maji, samaki na miili ya watu, na baadhi ya matokeo yakachapishwa katika jarida la sayansi mwaka 2005. Mwaka 2013 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi katika migodi midogo ya dhahabu Tanzania, Geita ikiwemo. Kazi hizo zilikuwa na faida. Lakini zinatufundisha pia kwamba picha ya mtu wa hapa inaweza kusomwa mbali sana, kwa ukubwa uliochaguliwa na mtu mwingine.

Fikirini picha ya mama anayechoma zebaki, na mtoto amekaa kando yake. Ukiikata ili ikae mraba kwenye Instagram, mtoto anatoka, na hatari yenyewe iliyofanya picha ipigwe inatoka pamoja naye. Ukimwacha, sura yake inazunguka dunia nzima akiwa hajui hata kusoma. Tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote zinatutaka tumjali. Mimi naona njia ya haki ni kumwacha mtoto katika picha na kuifunika sura yake kabisa kwa rangi nzito, baada ya kuzungumza na mama yake. Kuivutavuta picha ya mtu ili ijaze bango, mpaka anakuwa mnene au mrefu asivyo, nako ni kumkosea. Shika pembe unapobadili ukubwa, uwiano wa upana na urefu ubaki.

Halafu kuna mahali. Faili la picha hubeba saa iliyopigwa, aina ya simu, na kama umeruhusu, kodineti za pale uliposimama. WhatsApp ikipunguza picha kwa njia ya kawaida huziondoa habari hizo. Ukituma kama hati, kama nilivyoshauri muda mfupi uliopita, zinakwenda zote. Aliyepiga picha mahali palipotema dhahabu na kuituma hivyo kwa mtu asiyemwamini ametuma na njia ya kufika, na kabla ya jioni kuna rashi ya wachimbaji. Kwa hiyo hati ni kwa mchapaji wako, mwanasheria wako, mtaalamu wako. Picha ya hadhara ipunguzwe, na mahali pazimwe kwenye kamera kabla ya kupiga.

Ndugu Mwenyekiti, naelekea mwisho, na sitaki tuondoke bila kazi.

Kwa ofisi za vijiji na kata: ramani yoyote itakayopokelewa katika shauri la mpaka iwe na mstari wa kipimo, na kopi isiyo nao irudishwe. Kwa wenye steshenari: bandikeni ukutani vipimo vya A4, vya pasipoti saizi na vya status, na zimeni lile chaguo la kutosheleza karatasi kila ramani inapochapwa. Andikeni asilimia ya kopi kwa kalamu pembeni ya karatasi. Ni kazi ya sekunde tatu. Kwa shule: somo la kompyuta lianze na rula.

Na kwa kila mwenye simu: picha ya asili usiiguse. Fanya nakala, punguza nakala, kata nakala. Ile ya asili ihifadhi mahali pawili, kwenye kadi na kwa mtu unayemwamini, ikiwa na tarehe na jina la mahali. Miaka ya mwanzo ya 2000 waliotupima waliondoka na ramani na picha zao. Leo kamera ziko mikononi mwetu, na kumbukumbu za duara la kwanza, za karasha la kwanza, za wazee walioanzisha makazi haya zinaweza kukaa hapa hapa kwa ukubwa wake kamili. Naiomba kata itenge kabati moja na kompyuta moja kwa kazi hiyo, na naomba mwalimu mmoja ajitokeze leo, kabla hatujatawanyika, kuisimamia.